Koti Jeupe Si Cheti cha Udaktari
Ukiumwa na tumbo mtaani, unakimbilia kemisti. Unaambiwa ni taifodi kabla hata hujapimwa, unadungwa sindano nyuma ya pazia, unalipa, unaenda. Tuambiane ukweli: aliyesomea kupeana dawa hajasomea kazi ya daktari. Sindano ya matako ikidungwa pabaya inaweza kuharibu mshipa wa fahamu wa mguu. Gentamicin ikizidi inaumiza figo na masikio.

Ndiyo, foleni za hospitali ni ndefu na mfuko umetoboka. Lakini shida zetu si leseni ya mtu kujipandisha cheo. Bodi ya Famasia na Sumu ikague mapema, isingoje mtu aumie. Nawe, kabla hujadungwa, uliza: hii kazi umeisomea?