Madaftari ya Bwana Mtaalamu

Mwezi uliopita nilitumwa kumsaidia mtaalamu mmoja wa mbegu za mahindi kuondoa vitu vyake ofisini, maana muda wake wa kazi ulikuwa umekwisha. Nilidhani tutamaliza kabla ya saa sita. Tulichukua siku tatu, kwa kuwa kila daftari alilolishika alilifungua akalisoma.

Makabati mawili yalijaa habari za mashamba ya majaribio: tarehe ya kupanda, mvua, urefu wa mabua, uzito wa mavuno. Nikamwuliza ni mbegu ngapi katika hizo zilizofika kwa wakulima. Akasema, "Tatu. Nyingine zote zilishindwa." Kisha akanyamaza, nami nikaona haya kwa kuuliza.

Desturi ya ofisi ni kuchoma karatasi zisizo na kazi. Nilipoanza kuyatoa nje madaftari ya mbegu zilizoshindwa, alinizuia, na mimi naona alikuwa na haki. Wengi wenu mwaijua H611, iliyotolewa Kitale mwaka 1964. Ilipatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mahindi ya kigeni yaitwayo Ecuador 573. Kama mgeni yule angalikataliwa kwa kuwa si wa kwetu, H611 isingalipatikana. Tena mwaka 2011 ulipoonekana Bomet ule ugonjwa unaokausha mahindi, ambao huletwa na virusi viwili vikikutana katika mmea mmoja, wataalamu walilazimika kupima mbegu nyingi ili waone zipi zitastahimili. Katika kazi hiyo, asiyejua zilizoshindwa zamani atazipanda tena, na msimu wa mvua haununuliwi.

Sasa nasema na ninyi wa skimu. Bwana Shamba akiuliza mwaka jana ulipanda mbegu gani, jibu ni, "Ile ya mfuko wa kijani." Ulitia mbolea lini? "Mvua ilipoanza." Najua mtaniambia karani hukaa kivulini, ana nafasi ya kuandika. Ni kweli. Lakini watoto wenu wana madaftari, na mistari minne kwa msimu yatosha: mbegu, tarehe, mbolea, magunia. Mwaka wa hasara msiuruke. Huo ndio uandikwe zaidi.

Madaftari ya yule bwana yako katika stoo yetu, juu ya mbao, yasiingie unyevu. Mkubwa wangu ameniuliza mara mbili yanangoja nini. Nimemjibu kwamba bado nayapanga.