Mtaacha Lini Kushangilia Picha za Uwanja wa Ndege?

Nianze na jina ambalo mashabiki wenzangu wa Simba hawataki kulisikia mwezi huu: Mohamed Hussein "Tshabalala". Alikuja Msimbazi mwaka 2014 akitokea Kagera Sugar. Akakaa misimu kumi na moja, akavaa kitambaa cha unahodha, akabeba mataji manne ya ligi mfululizo kuanzia 2018 hadi 2021. Tarehe 2 Agosti 2025, siku ya ufunguzi wa CHAN pale Mkapa, aliifungia Taifa Stars kwa kichwa dhidi ya Burkina Faso. Mwezi huo huo akavaa jezi ya Yanga.

Na sisi tulifanya nini? Tulihama mada. Tukarudi kwenye simu zetu kutazama nani ameshuka uwanja wa ndege, amevalishwa skafu nyekundu na kuambiwa aseme neno moja la Kiswahili. Kwa lugha ya mitandaoni mchezaji anayeachwa "amepewa thank you", na siku hizi tunazihesabu hizo thank you kama mafanikio, kana kwamba idadi ya walioondoka ndiyo kipimo cha ukubwa wa klabu.

Naandika haya nikiwa nyumbani Mpwapwa, likizo ya masomo ya uzamili. Simba Day ya 2025 ilipangwa tarehe 10 Septemba, Ngao ya Jamii dhidi ya watani tarehe 16, na kwenye kila kibanda umiza cha hapa mjini swali ni lile lile: kikosi mnakionaje? Jibu linalotakiwa ni "safari hii ni moto". Hilo jibu mimi silitoi.

Tusipotoshane kuhusu msimu wa 2024/25. Haukuwa mbaya. Tulifika fainali ya Kombe la Shirikisho, ambayo ni fainali yetu ya kwanza Afrika tangu ile ya 1993 dhidi ya Stella Abidjan. Tukafungwa 2-0 kule Berkane, na marudiano yakapelekwa Zanzibar. Joshua Mutale akafunga mapema, Yusuf Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu, wao wakasawazisha dakika za nyongeza. Kwenye ligi tuliingia mechi ya mwisho, Juni 25, tukiwa nyuma ya Yanga kwa pointi moja tu. Tukapigwa 2-0. Wao 82, sisi 78, na ubingwa wao wa nne mfululizo.

Timu iliyokosa taji kwa mechi moja haihitaji kubomolewa. Inahitaji kuziba tundu mbili tatu na kuachwa izoeane. Sisi tumechukua nyundo. Tshabalala ameondoka, Che Malone ameondoka, Fabrice Ngoma ameondoka. Beki wa kushoto, beki wa kati na kiungo. Huo ni uti wa mgongo wa timu, na umekatwa ndani ya dirisha moja.

Najua nitakachojibiwa. Rushine De Reuck ni beki aliyelelewa kwenye soka la Afrika Kusini, ana utulivu ambao Che Malone hakuwa nao kila siku. Nakubali. Alassane Kante ana mapafu. Nakubali pia. Jonathan Sowah alijiunga na Singida Black Stars katikati ya msimu na bado akapachika mabao 13, hesabu inayomfanya mtu aote usiku. Kwa safu ya mbele sina ugomvi na yeyote: dirisha lile alikuwepo Jean Charles Ahoua aliyekuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16, alikuwepo Steven Mukwala, alikuwepo Elie Mpanzu anayekimbia kama anadaiwa. Golini Moussa Camara ameongezewa Yakoub Suleiman wa JKT Tanzania, kipa wa Stars kwenye CHAN. Huo ndio usajili niliouelewa kuliko wote, na ndio ulioshangiliwa kidogo kuliko wote. Hakushuka kwenye ndege, basi.

Ugomvi wangu ni upande wa kushoto. Anthony Mligo wa Namungo ni kijana mzuri, lakini anakabidhiwa nafasi ambayo mtu mmoja ameishikilia kwa miaka kumi na moja. Beki wa pembeni hasomi mchezo peke yake. Tshabalala alijua winga wake atakata ndani lini, alijua kiungo gani atabaki nyuma akipanda, alijua Shomari Kapombe upande wa pili akienda yeye anabaki. Kocha haandiki mambo haya ubaoni. Yanatokana na mechi mia kadhaa pamoja, na mechi mia hazisajiliwi.

Mpwapwa tunalijua jambo hili kwa njia yetu. Hapa pana kituo cha utafiti wa mifugo tangu enzi za Mjerumani, na hapa ndipo alipotengenezwa ng'ombe anayeitwa Mpwapwa. Wataalamu walichanganya damu ya zebu wetu na ya ng'ombe wa Kihindi kama Sahiwal na Red Sindhi, wakaongeza na ya Ulaya kidogo, wakimtafuta mnyama atakayetoa maziwa na bado avumilie ukame wa Ugogo. Madume ya kigeni yaliletwa, ndiyo. Lakini kazi yenyewe ilikuwa kuchagua, kuzalisha, kupima, kusubiri ndama akue, kuchagua tena. Miaka na miaka. Asingetokea ng'ombe yeyote kama kila Julai wangekuwa wanauza zizi zima na kuleta jingine.

Kwa hiyo msinisikie vibaya: sipigi vita wageni. Kanuni ya mwaka 2025 iliruhusu 12 kwa kila klabu, na bila wao tusingefika fainali ya Afrika. Ninachopinga ni ile imani kwamba mchezaji mpya ni jibu kabla swali halijaulizwa. Tumefanya hivyo hivyo kwa makocha. Gomes, Pablo, Zoran, Mgunda wa muda, Robertinho, Benchikha, Mgunda wa muda tena. Fadlu Davids ndiye wa kwanza kuanza msimu na kuumaliza tangu Patrick Aussems mwaka 2018/19. Hebu lisome tena hilo. Na huyu huyu aliyetufikisha fainali tulimpa kazi ya kuanza upya nyuma.

Halafu kuna hili, na linauma kulisema. Watani wetu tunaowaita kila jina walimpandisha Clement Mzize kutoka timu yao ya vijana mwaka 2022. Wakampa dakika akikosa mabao ya wazi, wakamvumilia. Msimu wa 2024/25 alifunga 14 kwenye ligi, na kwenye CHAN akafunga yote mawili tulipoitoa Madagascar... hapana, nisichanganye: hiyo ilikuwa hatua ya makundi, ikaisha 2-1. Nani Mzize wetu? Nitajie kijana mmoja aliyetoka timu yetu ya vijana anayeanza leo kwenye kikosi cha kwanza. Hapa Mpwapwa kuna watoto wanaocheza pekupeku jioni, wenye majina ya Ahoua na Mpanzu migongoni. Wanamjua Ahoua. Hawaijui njia ya kufika alipo, kwa sababu klabu wanayoishangilia haijawahi kuwaonyesha mtu aliyeipita.

AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda. CHAN tumeishia robo fainali kwa bao 1-0 la Morocco, na mabao yetu kule yamefungwa na Tshabalala, Kapombe, Sopu, Mzize. Wote hawa walikua kwa kuachwa wacheze hapa hapa nyumbani.

Utabiri? Tutafunga mabao mengi kuliko msimu uliopita. Tutaruhusu mengi zaidi pia, hasa krosi kutoka kushoto kwetu, hasa kabla ya Desemba. Nafasi ya pili. Mligo akipewa mechi ishirini mfululizo bila kuzomewa baada ya kosa la kwanza, nitaibadilisha kalamu yangu kwenye mzunguko wa pili. Ila nawajua mashabiki wenzangu: atakosea Oktoba, na kufika Januari tutakuwa uwanja wa ndege tena, tunasubiri beki wa kushoto.