Farasi wasilazwe ukingoni mwa Naivasha

Mhariri,

Mwezi uliopita tulipiga kambi na farasi wanne kando ya Ziwa Naivasha. Mwenye kambi, kwa ukarimu wake, alituonyesha pa kuwafunga: chini ya migunga, hatua chache tu kutoka majini. Pazuri kwa picha! Lakini kiboko hutoka usiku kula nyasi, na visubi waenezao ugonjwa wa farasi wa Afrika huuma tangu magharibi hadi alfajiri. Pundamilia hubeba virusi vyake bila kuugua. Farasi wengi hufa. Tukawahamishia juu, tukabeba maji kwa ndoo, na farasi mmoja hunywa hata lita 30 kwa siku. Mgongo bado unaniuma. Wenye kambi wajenge zizi lenye wavu, mbali na maji. Tutalipia.

Mpanda farasi,
Nakuru