MWENYE AMANA NA AIHESABU!

Ndugu wanachama,

Siku hizi twashauriwa kupeleka madaftari ya matawi yetu kwenye “wingu”. Jina ni tamu, lakini tusidanganyike. Wingu hilo ni kompyuta za watu wengine, ndani ya majumba ya watu wengine. Tukiuliza kama majina na ada za wanachama zi salama, twajibiwa: “Msiwe na wasiwasi.” Je, huo ni ushahidi?

Mwaka 2019 kampuni ya Myspace ya Marekani ilikiri kwamba, katika kuhamisha mitambo yake, nyimbo, picha na video zilizowekwa kwake zaidi ya miaka mitatu nyuma huenda zisipatikane tena. Wenyewe walidhani ghala limejaa, kumbe tupu! Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Dawa ipo, na wataalamu waliieleza tangu mwaka 2007. Kabla ya kupeleka faili, ligawe vipande. Kila kipande kipe nambari, ukipige alama kwa ufunguo wa siri ulio nao wewe peke yako. Alama zaweza kukaa huko huko kwa mtunzaji, kwani asiye na ufunguo hawezi kuzighushi. Kisha siku yo yote, bila taarifa, mwambie: “Nipe kipande cha 7, cha 3,018 na cha 9,442.” Kipande kilichobadilishwa hata herufi moja hakitapatana na alama yake.

Wala huna haja ya kurudisha faili zima. Ikiwa katika vipande 10,000 mtunzaji amepoteza 100, basi ukiomba 460 bila mpango anaoweza kuubashiri, utamgundua zaidi ya mara 99 katika 100.

Wako watakaosema kwamba huku ni kumtukana mtunzaji. Hapana! Mweka hazina wa tawi hukaguliwa, na hakuna anayemwita mwizi. Kwa nini basi kampuni ya mbali isikaguliwe?

Ila tukumbuke kwamba ukaguzi hufichua hasara, haurudishi kilichopotea. Nakala ya pili lazima iwekwe mahali pengine.

Makatibu wa matawi, msitie sahihi mkataba wo wote unaotunyima haki ya kukagua. Na ufunguo ubaki kwetu! Anayekabidhi mali pamoja na ufunguo, atahesabu nini kesho?