Mguso Umwingize Mtoto Ndani ya Hadithi

Mwaka 2011, studio ya Moonbot ya Shreveport, Marekani, ilitoa programu ya iPad yenye hadithi ya Morris Lessmore, mpenda vitabu aliyepeperushwa na dhoruba. William Joyce na wenzake hawakumwacha mtoto atazame tu: kwa kidole chake hupiga piano na kutengeneza kitabu kilichochakaa.

Wapo wanaosema skrini inaua hadithi. Sisi tunaosoma falsafa tunajifunza kutenganisha kitu na matumizi yake. Bibi zetu walipoita "Paukwa!", tulijibu "Pakawa!" Tangu zamani msikilizaji ana sehemu yake. Basi mbunifu aulizwe: mguso huu unamwingiza mtoto ndani ya hadithi, au unamtoa nje akacheze tu?

Hata hivyo, mbunifu hodari hawezi kutuwekea bibi ndani ya simu. Bibi alitazama uso wa mtoto. Akiona hofu, alilegeza sauti. Ndugu wazazi, msimpe mtoto simu ili anyamaze tu. Ketini naye, mwulizeni: "Unadhani sasa itakuwaje?" Jibu lake ndiyo "Pakawa" ya leo, nayo yahitaji mtu wa kuisikia.