Viza 280 si haki

Tuvalu ina watu kama 11,000, na sehemu yake ya juu kabisa haifiki mita 5 kutoka usawa wa bahari. Mwaka 2023 Australia ilisaini nayo mkataba: kila mwaka Watuvalu 280 waruhusiwe kuhamia huko. Wengi wakasifu. Eti huruma.

Huruma gani? Mwaka 2025 serikali hiyo hiyo iliuongezea mradi wa gesi wa North West Shelf muda hadi 2070. Hebu piga hesabu: kwa watu 280 kila mwaka, kuwahamisha wote ni karibu miaka 40. Watamaliza kuhama, na gesi bado inachimbwa.

Utaambiwa, lakini si hata Tuvalu inawasha taa kwa dizeli? Ndiyo, tena ya kununua nje. Ndiyo maana mwaka 2022, Vanuatu kwanza na Tuvalu baadaye, zilidai mkataba wa dunia nzima: visima vipya visifunguliwe, na matajiri wachangie gharama ya maskini kuhamia sola. Hiyo si sadaka, ni deni.

Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba hata kutoa leseni za kutafuta mafuta na gesi kunaweza kuwa kosa kisheria. Na wazo la kwenda huko lilianzwa na wanafunzi wa sheria wa Pasifiki, mwaka 2019. Vijana tu.

Ukichoma nyumba ya jirani, usijisifu kwamba umempa mkeka kwako. Kwanza acha kumwaga petroli.