Mlango wa Miezi 12

Ukiumizwa na uzembe wa daktari katika hospitali ya kibinafsi mjini Nyeri, sheria inakupa miaka 3 ya kwenda kortini kudai fidia. Ukiumizwa katika hospitali ya kaunti, una miezi 12 tu. Kosa ni lile lile na kidonda ni kile kile. Kilichotofautiana ni mlango ulioingilia. Na wengi wanaoingilia mlango wa kaunti, iwe Nyeri, Karatina, Kerugoya au Nanyuki, hawana uwezo wa kulipia mlango ule mwingine.

Miezi hiyo 12 imewekwa na Sura ya 39 ya sheria za Kenya, inayoweka ukomo wa kesi dhidi ya mamlaka za umma. Wanaoitetea husema serikali haiwezi kuhudumia watu huku ikiandamwa na kesi za kale. Sawa, lakini mgonjwa hahesabu miezi akiwa kitandani. Chukua mama aliyejifungua kwa upasuaji, mshono ukaoza. Miezi ya kwanza inaishia kwenye kidonda na mtoto. Akipata nafuu anarudi kuomba nakala ya faili, anaambiwa aandike barua. Akiileta, mwenye rekodi yuko likizo, arudi Jumatatu. Mkononi ana daftari la kliniki tu, limeandikwa dawa kwa mwandiko usiosomeka. Bila faili, na bila daktari wa kusema mwenzake alikosea, wakili hana pa kuanzia. Anayedaiwa ndiye anayetunza ushahidi: kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Baraza la Madaktari, KMPDC, hupokea malalamiko na laweza kusimamisha leseni. Hiyo ni nidhamu. Haimlipii mama upasuaji wa pili.

Kuna njia ya Katiba, ambayo kifungu chake cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya. Mwanamke aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma Bungoma mwaka 2013 aliipitia, na Machi 2018 Mahakama Kuu ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Alishinda, lakini baada ya zaidi ya miaka 4.

Kushinda nako si kulipwa. Si rahisi dalali kunadi ambulensi ya kaunti. Kwa muda mrefu sheria imekuwa ikikataza kukamata mali ya serikali. Mshindi hurudi kortini kuomba amri ya kumlazimisha afisa husika alipe.

Wapo watakaouliza: fidia hiyo si ndiyo pesa ya dawa? Ni swali la haki. New Zealand ina mfuko wa umma wa majeruhi tangu 1974, na leo aliyedhurika na matibabu hulipwa bila kuthibitisha nani alizembea. Kaunti zetu hazina ukwasi huo. Lakini kusawazisha ukomo uwe miaka 3 kwa wote hakununui hata sindano moja. Faili nayo? Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, bili yake huwa tayari siku hiyo hiyo, imejumlishwa hadi shilingi ya mwisho. Hospitali inayoweza kuandaa bili kwa saa chache haikosi uwezo wa kutoa nakala ya faili.